Nani Aliyemfungia Mjane

Nguvumali, Tanga
14 Machi 1954

Kwa binti wa marehemu kaka yangu, Asmahani Hatibu,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye joto la Dar es Salaam ukiwa na afya yako na haya zako. Sisi huku wazima. Mke wangu Saleha anakusalimu, kile kidole chake cha mguu kimepona. Mbuzi wa jirani yenu Semeni kazaa mapacha, mmoja mweupe kama karatasi hii. Mvua bado. Mimi mwenyewe nimepewa ukubwa bandarini: ghala zima la mkonge liko chini ya jicho langu, na juzi Mzungu mmoja alinivulia kofia akaniuliza kama mimi si Mwarabu wa Muskati. Nikamwambia mimi ni Mselem bin Uweso wa Tanga, na hiyo inatosha. Akainama.

Ama lililonishikisha kalamu ni hili. Jiko la Semeni lilishika moto wiki iliyopita. Makuti makavu, upepo mkali, nyumba yenu ndiyo ya pili yake. Nilipanda juu ya paa na blanketi moja lililorowa, nikauzima moto ule peke yangu, watu wa mtaa mzima wamesimama midomo wazi. Nyusi zangu zimeungua, mpaka leo sina nyusi. Lakini katika fujo ile mama yako, mjane aliye edani, alitoka. Alitoka mpaka nje ya ua, na ndoo ya maji mkononi, hana buibui, mbele ya wanaume wazima. Na eda ilikuwa imebaki kidogo tu iishe.

Basi imevunjika. Nimemwuliza sheikh mmoja mkubwa wa upande wa Pangani, wewe humjui, akaniambia eda namna hiyo huanza upya tangu siku ya kwanza. Nimemweleza mama yako. Alilia kidogo, kisha akarudi chumbani kwake.

Kwa hiyo mimi na Saleha tumeacha chumba chetu cha Chumbageni, tumehamia mbele ya nyumba yenu kumlinda. Funguo ninazo mimi. Habari za mirathi usiumize kichwa. Nimekwenda kwa kadhi nikamwambia mjane yumo ndani, hawezi kutoka, na binti yuko masomoni, msemaji wao ni mimi. Eda ikiisha tutazungumza jambo la kumstiri, maana nyumba aliyoijenga kaka yangu haitaingiwa na mume wa mbali. Mimi nipo. Saleha ameshaambiwa.

Usije likizo. Barua zako uziandike kwa jina langu, kwani mama yako hasomi, nami ndiye macho yake.

Ami yako,
Mselem bin Uweso


Dar es Salaam
2 Aprili 1954

Kwa Ami Mselem,

Shikamoo Ami. Nakusalimu wewe na mama mdogo Saleha, na pole kwa nyusi. Mimi mzima. Katika masomo ya uuguzi tumeingia wodi ya wazazi, nimeshika watoto wachanga mpaka mikono inanukia maziwa.

Nimekwenda kwa mwalimu wa chuo kimoja hapa Kariakoo, mzee anayefundisha fikihi, sheria za dini. Amesema mjane akitoka kwa dharura kama moto hana kosa lolote. Na hata angetoka bila dharura, angekuwa amekosea, lakini siku zake zingeendelea kuhesabiwa vilevile. Hakuna eda inayoanza upya. Alinitaka nirudie swali, akidhani amesikia vibaya.

Eda ya mama imekwisha, Ami. Nakuomba umsomee maneno haya kama yalivyo. Mwambie pia aende mwenyewe kwa kadhi, aseme kwa kinywa chake kuhusu nyumba yake na yangu. Na umwulize lile gego lake la kushoto: limeng'olewa au bado linamkesha? Anijibu yeye.

Mimi ruhusa sipewi mpaka mtihani uishe. Ningepewa, ningekuwa nimeshafika.

Asmahani


Nguvumali, Tanga
6 Mei 1954

Kwa Asmahani,

Salamu nakupa kwa sababu dini inanilazimisha. Huku wazima. Mvua imekuja, na imekuja na papa. Nilikuwa Ushongo kwa mambo yangu, nikamkuta mmoja kaingia kwenye mkondo wa mto, nikamshika mkia, akanivuta mpaka karibu na Pangani mjini. Tulipofika yeye ndiye aliyechoka.

Barua yako nimeisoma. Wewe umejifunza kufunga bendeji, sasa unataka kutufunga na vinywa. Tangu lini mtoto anakwenda kuwauliza walimu wa Kariakoo mambo ya nyumbani kwao? Mimi nimekwenda vitani. Nimelala wiki nzima katika jumba la mfalme wa Burma, kwenye mto wa hariri, Wajapani wananitafuta chini ya kitanda nami niko juu yake. Mtu kama huyo huwezi kumpelekea habari za mwalimu mwenye vumbi la chaki.

Mama yako nimemsomea. Amesema: hajambo, anakusalimu, na umsikilize ami yako.

Nimesikia pia kuwa hiyo kazi ya uuguzi mnawaosha wanaume. Kaka yangu amelala kaburini, hawezi kusema. Mimi nasema. Ukimaliza mtihani, rudi ukae na Saleha akufundishe kupika.

Ami yako,
Mselem


Dar es Salaam
29 Mei 1954

Kwa Ami Mselem,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Mama mdogo Saleha mpe salamu zake peke yake, zisichanganywe na za mtu.

Mama hakusema neno juu ya gego lake. Mama ninayemjua mimi, ukimwuliza jino, utakaa mpaka chai ipoe. Basi nimeelewa, na sitauliza tena. Na kwa kuwa hatuna la kuzungumza bila kutukanana, nakuletea kisa tu. Wewe unapenda visa.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi Beatrisi, ametupa kitabu cha kale, cha kutisha, jalada lake limeng'oka. Kinasema hivi. Katika nchi ya baridi, ambako theluji huanguka kama pamba ya msufi, paliishi mjane aliyeachiwa shamba na nyumba nzuri. Tauni ikasikika inakuja. Shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, akampeleka mlimani kwenye ngome ya mawe meusi ili asiambukizwe. Mwenye ngome ni jitu la jicho moja, lina kovu kutoka paji la uso hadi kidevuni, halisemi na mtu, linatembea na mbwa wawili wakubwa kama ndama. Watu humwita Bwana wa Ngome. Wanasema aliwazika wake zake watatu ukutani.

Mjane akawekwa chumba cha juu. Kila mara husikia minyororo ikiburutwa nje. Akichungulia dirishani, Bwana wa Ngome amesimama uani, anatazama juu kwa lile jicho lake moja. Mjane hathubutu kukaribia mlango. Rafiki yake ni mmoja tu, shemeji. Yeye humletea mkate na habari: leo wamekufa wengi bondeni, leo wamechoma nyumba za wagonjwa, vumilia, shemeji yangu, mambo yako yote mimi nayatazama. Mwaka ukapita. Nywele zake zikaanza kuwa nyeupe.

Siku moja alisikia minyororo imefika mlangoni kwake, ikasimama.

Hapo ndipo tulipofika darasani. Bi Beatrisi anauliza: mwovu wa kweli ni nani? Wenzangu wote wamejibu Bwana wa Ngome. Mimi nimejibu tofauti, nikachekwa. Wewe Ami, mtu wa majumba ya wafalme, unasemaje?

Asmahani


Nguvumali, Tanga
9 Julai 1954

Kwa Asmahani,

Salamu. Huku wazima, ila Saleha ananuna na sijui kwa nini. Nazi zimepanda bei. Mimi nimeota nyusi mpya, nyeusi kuliko za kwanza, vijana wananiuliza dawa.

Kisa chako si kibaya. Kilikuwa kimeandikwa kilegevu, nimekitengeneza. Nakisimulia hapa barazani kila baada ya alasiri, na sasa hapatoshi. Zebedayo, yule seremala wa Kibondei wa nyumba ya tatu, anakuja na kigoda chake mwenyewe. Wanawake wamejaa uani kwa Semeni wanasikiliza juu ya ua. Mama yako husogea dirishani akakaa nyuma ya pazia. Sikumkataza, kusikia kisa si kutoka. Bwana wa Ngome nimemwongezea meno ya chuma. Shemeji nimempa farasi mweupe na upanga, maana huyo mwandishi wako alimwacha apande mlima kwa miguu kama mchukuzi.

Swali la mwalimu wako ni la kitoto. Mwovu ni Bwana wa Ngome. Hata wale mapacha wa mbuzi wa Semeni wanajua. Ana kovu, ana mbwa, hasemi. Shemeji ndiye mwanamume pekee mwenye akili humo ndani. Bila yeye mwanamke yule angekufa kwa tauni au kwa ujinga wake. Umechekwa, na umestahili.

Jambo la pili. Nilikuwa nimekusudia mama yako atoke edani wiki ijayo. Lakini Zebedayo alipita chini ya dirisha akasema, "Hujambo mama," na mama yako akajibu, "Sijambo baba." Kwa sauti. Kwa mwanamume baki, asiye ndugu. Sheikh wa Pangani amesikitika sana. Inaanza upya.

Sehemu iliyobaki ya kitabu ilete upesi. Nimewaacha na minyororo mlangoni tangu mwezi uliopita, na watu wameanza kusema eti sijui mwisho wake. Mimi. Nimewatilia simba mle ndani kuwapa shughuli, lakini Zebedayo kaniuliza simba na theluji wapi na wapi. Mtu wa randa na misumari, anabisha na aliyefika Burma.

Ami yako,
Mselem


Dar es Salaam
3 Agosti 1954

Kwa Ami Mselem,

Shikamoo. Hapa salama. Mtihani nimeufanya, majibu bado, na ruhusa sipewi mpaka yatoke.

Mwisho wa kisa umo humu, kurasa hizi mbili zilizokunjwa peke yake na kutiwa gundi. Lakini nina shaka nawe. Naona utaufungua chumbani kwanza, uupitie kwa kidole neno kwa neno, kisha utoke nje ukajidai. Zamani baba alikuwa akisema wewe husomi barua, unaikisia. Mtu anayejua kusoma kweli huvunja gundi mbele ya watu na kusoma papo hapo, liwe lolote. Sidhani utathubutu.

Haya, ndio huu:

"Minyororo ilisimama mlangoni. Mjane akajua saa yake imefika. Alikuwa amechoka kuogopa, akasema, kama ni kufa nife nimesimama. Akashika mlango. Ukafunguka. Haukuwa na kufuli, wala komeo, wala tundu la ufunguo. Tangu siku ya kwanza haukuwa na kitu. Nje alimkuta Bwana wa Ngome amebeba kuni. Minyororo ile ilikuwa ya mbwa wake. Alikuwa bubu, kovu alilipata vitani, na wake wa kuzikwa ukutani hakuwahi kuwa nao hata mmoja. Akamwinamia mjane, akamwonyesha bondeni. Kulikuwa na moshi wa majiko, watu wanavuna, watoto wanakimbia. Tauni haikuwahi kufika. Na katika nyumba yake mwenyewe, barazani, shemeji yake amekaa kwenye kiti cha marehemu, anawahadithia wageni jinsi anavyomlinda mjane wa kaka yake."

Hukuniuliza mimi nilimjibu nani darasani, lakini nakwambia. Ndilo hilo. Mwenye kovu hakumzuia mtu. Aliyemfungia mjane ni yule aliyempelekea habari.

Asmahani


Chumbageni, Tanga
17 Septemba 1954

Wewe Asmahani,

Sina salamu. Ona mwenyewe hapo juu nimeandika Chumbageni, ujue nimerudi kwenye chumba kimoja kinachovuja, na Saleha hasemi nami ila kwa sufuria. Anaziweka chini kwa kishindo. Umefurahi.

Nitakueleza jinsi ulivyolifanya, usije ukasema hukujua.

Barua yako nilikabidhiwa barazani, watu wamejaa. Ningeweza kuiweka mfukoni. Lakini uliandika maneno yale ya kaka yangu, kwamba mimi nakisia, ukayaweka juu kabisa, na Zebedayo alikuwa amesimama begani kwangu. Nikaona ameyaona. Basi nikafungua zile karatasi mbili mbele ya umma na kuzisoma kwa sauti ya jeshi, bila kusita, bila kidole. Mtu yeyote wa Nguvumali atakushuhudia nilivyosoma. Niliposema "mlango ukafunguka", hata kuku walinyamaza.

Nikafika pale pa tauni. Ndipo nikaona unakokwenda. Nikakohoa, nikasema karatasi imelowa, hapasomeki, nikaingiza simba. Hakuna aliyeangalia simba. Semeni juu ya ua akasema, "Mwache simba wako, baba Mselem. Huyo shemeji alikuwa wapi?" Nikamwambia mwanamke haulizi maswali ya kitabu. Akasema, "Haya, tutauliza ya mtaani." Wanawake wakacheka, na kile kicheko hakikuwa cha kisa.

Halafu mama yako akasema nyuma ya pazia. Miezi yote ile hakuwahi kusema neno barazani. Akasema taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya samaki: "Shemeji, huo mlango ulikuwa na kufuli au haukuwa na kufuli?"

Ningeweza kusema ulikuwa nalo. Lakini nilikuwa nimeshasoma mbele ya watu wote, nami si mwongo. Nikasema haukuwa nalo.

Akasema, "Ahsante."

Kesho yake asubuhi narudi kutoka ghalani, nakuta ua umejaa wanawake, maji ya kuoga yamechemshwa, udi unafuka, kama anayetoka edani ni malkia. Mama yako ameogeshwa, amevaa kanga mpya, buibui juu yake, anafunga kamba za viatu. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia sheikh wa Pangani hatalikubali hili. Akaniuliza, "Jina lake nani?" Nikasema jina la sheikh halitajwi ovyo. Akanipita. Alinipita ubavuni, Asmahani, mimi niliyemvuta papa, akapita na Semeni na wengine wote nyuma yake, wakaelekea kwa kadhi, na Zebedayo mwenye kigoda chake akawa anawafungulia njia.

Kadhi aliniita. Sitakueleza yaliyosemwa. Funguo nimezirudisha, nyumba imeandikwa mafungu yake, nami kama ndugu wa marehemu nimepewa langu, ambalo ningelipata tangu Machi bila matata. Habari ya kumstiri mama yako sikuitaja, na kadhi naye hakunitazama kwa jicho la kunitia moyo.

Sasa sikiliza. Mambo ya nyumba yamekwisha, nimeyaacha. Linaloniuma ni hili. Hapa Chumbageni nimefungua baraza mpya. Nimeanza kisa cha Burma, watu wakaniambia wanataka cha ngome. Nikaanza cha ngome. Kila nikifika kwa shemeji, hata nimpe farasi wawili, kuna mtu lazima atacheka. Jana alicheka mtoto wa kunywa uji.

Kwa hiyo nataka uandike barua, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, useme kwamba umekosea kusoma. Kwamba mwovu wa kitabu kile ni Bwana wa Ngome, ndiye aliyefunga, na shemeji alimpenda mjane kama dada. Utie sahihi yako, na Bi Beatrisi wako atie ya kwake. Niwaonyeshe watu. Hilo tu. Mimi ni ndugu wa baba yako, jina langu ndilo jina lako, na jina hilo linachekwa mtaani.

Ami yako, upende usipende,
Mselem bin Uweso


Dar es Salaam
11 Oktoba 1954

Kwa Ami Mselem,

Shikamoo. Natumaini chumba hakivuji tena na mama mdogo Saleha ameanza kusema. Mimi nimefaulu. Nitakuja mwezi ujao, na nitafikia kwa mama.

Mama amenipelekea salamu kwa mdomo wa mke wa Zebedayo, aliyekuja huku kumwona mwanawe. Gego lilimwuma tangu Februari, shavu likavimba, ukamwambia kwenda kung'oa ni kuvunja eda. Limeng'olewa sasa. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akaogopa sindano, akacheka mwenyewe.

Barua unayoitaka siwezi kuiandika. Bwana wa Ngome hakufanya lolote ila kubeba kuni, nami sitatia sahihi kumsingizia mtu asiye na kosa ili mwingine apate wasikilizaji. Simulia upendavyo. Ukichekwa, chekwa.

Kuanzia leo usimletee mama neno kwa kupitia kwangu, wala mimi kwa kupitia kwake. Ukiwa na la kumwambia, nenda Nguvumali mchana, simama nje, upige hodi. Akisema karibu, ingia. Asiposema, rudi.

Asmahani Hatibu